Baada ya Kengele ya Mwisho: Namna ya Kuboresha Programu za Watoto katika Vituo vya Jamii

Na Mwandishi Wetu

Kengele ya mwisho ya shule inapolia, wazazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam bado wako kazini. Mama yuko sokoni na nusu ya bidhaa zake haijauzwa. Baba yuko kijiweni akisubiri abiria. Wengine wako maofisini na viwandani, na mbele yao bado kuna foleni ndefu ya magari kabla hawajafika nyumbani. Mtoto anarudi na kukuta mlango umefungwa, au anamkuta mdogo wake ambaye sasa ni zamu yake kumlea. Kati ya kengele hiyo na kurejea kwa mzazi hupita saa tatu, nne au zaidi. Kwa mtoto anayesoma shule yenye zamu mbili, yaani wengine huingia asubuhi na wengine mchana, muda wa kuwa bila mtu mzima unaweza kuwa nusu ya siku nzima.

Huo ndio muda ambao programu za baada ya shule katika vituo vya jamii zimekusudiwa kuujaza. Makala haya yanaeleza programu hizo ni nini, sheria inasemaje kuhusu wajibu wa mzazi na wa mamlaka za serikali za mitaa, na ni mambo gani yanayokifanya kituo kimoja kiwafae watoto huku kingine, chenye jengo zuri zaidi, kikibaki na viti vitupu. Tunayaandika kwa ajili ya wazazi, viongozi wa mitaa, wasimamizi wa vituo na vijana wanaojitolea, kwa kuwa uboreshaji wa huduma hii unaanzia mikononi mwao.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Katika kifungu cha 8, sheria hiyo inataja mambo ambayo mtoto anastahili kupatiwa na mzazi au mlezi wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na vilevile haki ya kucheza na kupumzika. Wazazi wengi wanaifahamu vyema sehemu ya kwanza ya orodha hiyo, lakini wanashangaa wanapoelezwa kwamba mchezo nao umo ndani ya sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unaitaja haki ya mapumziko na michezo katika ibara ya 31.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 94, inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Kwa hiyo kituo cha jamii kinapomfungulia mtoto mlango alasiri, hakimfanyii hisani. Kinatekeleza sehemu ya wajibu wa kisheria, na mwananchi anayo haki ya kuuliza wajibu huo unatekelezwa kwa kiwango gani.

Nyumba ya jamii si jambo geni

Wakazi wenye umri mkubwa wanaikumbuka Arnautoglu, iliyopo Mnazi Mmoja. Ilijengwa katika miaka ya 1950 ikiwa kituo cha jamii, na watu walikutana hapo kwa masomo, mikutano na burudani. Wazo lililokuwa nyuma ya majengo ya aina hiyo lilikuwa jepesi: mji unapokua, watu wanahitaji mahali pa pamoja ambapo si nyumbani, si kazini na si sokoni.

Mji umekua mno tangu wakati huo. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Viwanja vya wazi ambamo watoto walicheza rede, kombolela na chandimu vimepungua kadiri nyumba zilivyosogeleana. Baada ya elimu bila ada kuanza kutekelezwa Januari 2016, idadi ya wanafunzi katika shule za umma iliongezeka, na pamoja nayo ikaongezeka idadi ya watoto wanaotoka shuleni kwa wakati mmoja na kuingia katika mitaa isiyo na nafasi. Baadhi yao huishia kwenye "vibanda umiza", wakitazama picha ambazo wazazi wao wasingeziruhusu nyumbani. Hali hiyo imeifanya huduma ambayo zamani ilionekana kuwa ya burudani tu kuwa huduma ya ulinzi wa mtoto.

Anza na saa za mtoto

Kosa la kwanza linalofanyika katika kupanga programu ni kufuata saa za kituo badala ya saa za mtoto. Msimamizi huandika kwenye ubao kwamba shughuli zitaanza saa 10 alasiri na kumalizika saa 12:30 jioni, kwa sababu ndio muda ambao ukumbi hauna mkutano. Ratiba hiyo inaonekana nzuri kwenye karatasi, lakini ina matatizo matatu.

La kwanza, mtoto wa zamu ya asubuhi ameshatoka shuleni tangu adhuhuri. Hawezi kuketi kibarazani kwa saa nne akisubiri ukumbi ufunguliwe. La pili, Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na kwa mwaka mzima jua huzama kati ya takriban saa 12:10 na saa 12:50 jioni. Programu inayokwisha saa 12:30 inamtoa mtoto nje wakati giza limeingia au linaingia, na katika baadhi ya miezi atatembea gizani njia nzima. La tatu, alasiri ndio muda wa kazi za nyumbani: kuchota maji, kuosha vyombo, kumpokea mdogo kutoka shule ya awali, kuinjika chakula cha jioni. Katika kaya nyingi kazi hizo humwangukia mtoto wa kike.

Njia bora ni kuwauliza watoto na wazazi kabla ya kupanga. Kituo kinachohudumia shule ya zamu mbili kinaweza kuwa na vipindi viwili vifupi badala ya kimoja kirefu: kimoja asubuhi kwa wale wanaoingia shuleni mchana, na kingine mchana kwa wale waliotoka. Kipindi cha mwisho kimalizike saa 11:30 jioni ili kila mtoto afike kwao akiwa bado anaiona njia.

Daftari linasema nini

Karibu kila kituo kina daftari la mahudhurio. Kwa bahati mbaya, matumizi yake mara nyingi huishia kwenye kuhesabu vichwa kwa ajili ya taarifa ya mwezi. Daftari hilo likisomwa vizuri ndicho kifaa cha kwanza cha uboreshaji, na gharama yake ni kalamu tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo kimeandikisha watoto 60 mwanzoni mwa mwaka, wasichana 30 na wavulana 30. Ifikapo mwezi wa nne, wanaokuja kwa siku ni 40. Ukumbi bado unaonekana umejaa, kelele za furaha zipo, na taarifa ya mwezi inaandika kuwa programu inaendelea vizuri. Lakini msimamizi akifungua daftari na kutazama majina ya wale 20 ambao hawaji tena, anagundua kwamba 15 kati yao ni wasichana. Programu iliyoanza ikiwa nusu kwa nusu sasa ina wavulana 25 na wasichana 15, na hakuna mtu aliyeamua iwe hivyo.

Hatua inayofuata ni kuwatembelea. Tuseme Afisa Ustawi wa Jamii na mlezi wa kituo wanakwenda nyumba kwa nyumba na kupata majibu haya: wasichana saba wanalea wadogo zao na kupika, wanne walikatazwa na wazazi kwa sababu ya kurudi usiku, watatu waliacha kwa sababu choo cha kituo hakina komeo wala maji, mmoja amehama. Kwa majibu hayo, mipango ya uboreshaji inajiandika yenyewe. Kinahitajika chumba au kona yenye mkeka ambapo mtoto anaweza kuja na mdogo wake. Inahitajika saa ya kufunga iliyo mapema zaidi na utaratibu wa kurudi kwa makundi. Linahitajika komeo, ndoo yenye koki na sabuni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai jengo jipya.

Bila daftari, kituo hicho pengine kingetumia fedha zake za mwaka kupaka rangi ukuta na kununua runinga, na wale wasichana 15 wasingerudi. Ndiyo maana tunashauri kila kituo kiwe na kanuni moja: mtoto asiyeonekana kwa siku tano mfululizo za programu, mlezi amtafute. Mara nyingine jibu ni homa au safari. Mara nyingine ni jambo zito zaidi, na daftari limekuwa la kwanza kuligundua.

Kinachofanyika ndani

Mtoto akishafika, afanye nini? Wazazi wengi wangependa kituo kiwe tuisheni ya bure. Matarajio hayo yanaeleweka, lakini mtoto aliyeketi darasani siku nzima hahitaji darasa jingine linalofanana na lile alilotoka. Anahitaji kile ambacho darasa lenye wanafunzi wengi haliwezi kumpa kwa urahisi, yaani kuangaliwa yeye binafsi.

Katika kusoma, tathmini za Uwezo zilizoanza kufanyika nchini mwaka 2010 zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Asasi ya Pratham ya India imesambaza njia ambayo sasa inatumika pia katika nchi kadhaa za Afrika: watoto hupangwa kwa kadiri wanavyoweza kusoma, bila kujali darasa walilopo. Mwenye kutambua herufi hukaa na wenzake wa kiwango hicho, mwenye kusoma maneno vivyo hivyo, na mwenye kusoma aya vivyo hivyo. Kisha hupandishwa mara tu anapoweza. Kituo cha jamii kina nafasi nzuri ya kutumia njia hii kwa sababu hakifungwi na mipaka ya madarasa. Kipimo chake ni karatasi moja yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, na kijana aliyehitimu kidato cha nne anaweza kufundishwa namna ya kukitumia.

Katika malezi na stadi za maisha, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2010 na wanasaikolojia Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan yalichambua programu nyingi za baada ya shule, hasa za Marekani. Walibaini kwamba programu zenye sifa nne zilileta mabadiliko kwa watoto, ilhali zile zilizokosa sifa hizo hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Mazingira ya Marekani si ya hapa, lakini sifa zenyewe zinaeleweka popote. Kwanza, mafunzo yafuate hatua, kila siku ikijengwa juu ya siku iliyotangulia. Pili, watoto wajifunze kwa kutenda, si kwa kuhubiriwa. Tatu, utengwe muda maalumu kwa ajili ya kazi hiyo. Nne, lengo litajwe waziwazi, ili mtoto mwenyewe ajue anajifunza nini.

Kwa mfano, mlezi anayetaka watoto wajifunze kumaliza ugomvi asiishie kusema "acheni kugombana". Juma la kwanza watoto waigize ugomvi wa kugombania mpira na kutaja kila mmoja alihisi nini. Juma la pili wajifunze kusikiliza bila kukatiza. Juma la tatu wajaribu kutafuta suluhu mbili kwa kila ugomvi. Ikitokea vurugu ya kweli uwanjani juma la nne, wanazo zana za kuimaliza.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya alasiri iachwe kwa michezo. Mdako, bao, rede, kamba na mpira havihitaji bajeti kubwa. Mpira mmoja ukiwa wa wavulana kila siku, wasichana watakaa pembeni wakitazama. Kwa hiyo uwekwe utaratibu wa zamu na uheshimiwe. Vilevile watoto wenye ulemavu wasiachiwe kazi ya kutunza alama pekee. Mlango usio na kizingiti kirefu, njia isiyo na mashimo na mchezo uliochaguliwa kwa kuwafikiria vinawafanya nao wawe wachezaji.

Usalama kwanza

Mzazi anayemwacha mtoto kituoni ametoa amana kubwa kuliko zote. Kila kituo kinapaswa kuwa na mambo yafuatayo kabla ya kupokea mtoto wa kwanza.

Walezi wawe angalau wawili wakati wote, na ni busara kila mmoja asizidiwe na watoto zaidi ya 25. Kila mlezi, hata anayejitolea, afahamike kwa jina na makazi kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, na athibitishwe na watu wanaomfahamu. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa. Mtoto aondoke na mtu aliyeandikwa na mzazi, au katika kundi la watoto wa njia moja linalosindikizwa hadi kituo cha mwisho.

Vyoo vya wasichana na wavulana vitengwe. Mwongozo wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na hakuna sababu ya kituo cha watoto kujiwekea kiwango cha chini ya hapo. Kwa wasichana walioingia umri wa kubalehe, maji, komeo na mahali pa kutupa taulo za kike ndivyo vinavyoamua kama watakuja siku zote au watakosa siku kadhaa kila mwezi.

Aidha, watoto waambiwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, nani wa kumweleza wanapofanyiwa jambo baya. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo katika vituo vya polisi, na Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto zimewekwa katika ngazi ya halmashauri, kata na mtaa. Namba na majina hayo yabandikwe ukutani kwa kimo cha mtoto, si kwa kimo cha mtu mzima.

Watu na fedha

Programu nyingi hufa kwa sababu zilibebwa na mtu mmoja mwenye moyo, na siku alipopata ajira au alipochoka, mlango ukafungwa. Vijana wanaojitolea ni hazina, lakini wanahitaji nauli, chakula cha mchana, mafunzo mafupi na barua ya utambulisho inayowasaidia wanapotafuta kazi. Walimu wastaafu wanaoishi mtaani, mama lishe wanaoweza kupika uji kwa zamu, na makocha wa timu za mtaa wote wana nafasi yao. Jambo la msingi ni kuwa na orodha ya watu watano au sita wanaopokezana, ili kukosekana kwa mmoja kusiwe mwisho wa shughuli.

Kuhusu fedha, wananchi wafahamu kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Ombi linalowasilishwa mwezi Juni limechelewa. Mahitaji ya kituo yanapaswa kujadiliwa katika mkutano wa wakazi wa mtaa, yapelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, na kutoka hapo yaingie katika mipango ya Halmashauri. Ombi lenye nguvu ni lile linaloambatana na daftari: watoto wangapi waliandikishwa, wangapi walibaki, wangapi waliacha na kwa nini, na komeo, ndoo au mlezi wa pili angerudisha wangapi. Kamati ikiwekewa mezani majina na sababu, itakuwa vigumu kwake kuahirisha uamuzi.

Nafasi ya mzazi

Tunatambua kwamba mzazi anayerudi saa 2 usiku hana muda wa vikao. Hata hivyo, yapo mambo matatu ambayo kila mzazi anaweza kuyafanya. La kwanza ni kukitembelea kituo mara moja bila taarifa, kuangalia choo na kuuliza majina ya walezi. La pili ni kumpunguzia mtoto wa kike angalau siku mbili za kazi za alasiri kwa juma, na kuzigawa kazi hizo kwa kaka zake, ili naye apate nafasi ya kusoma na kucheza. La tatu ni kumwuliza mtoto kila jioni swali moja: leo kituoni umefanya nini? Mtoto anayejibu kwa kina yuko mahali pazuri. Anayenyamaza, au anayekataa ghafla kurudi huko, asikaripiwe, asikilizwe.

Wananchi wanaombwa kuwasilisha maoni kuhusu vituo vya jamii katika maeneo yao kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata au Afisa Ustawi wa Jamii. Wasimamizi wa vituo, kabla ya kuandika taarifa ya mwezi huu, wanashauriwa kulifungua daftari la mahudhurio kuanzia ukurasa wa kwanza, kuyasoma majina ya watoto waliokuja mwanzoni na hawaonekani tena, na kwenda kuwagongea hodi.